Mondo, chotara au paka wa pwani? Ulinganisho kwa mtu wa Tanga anayetaka paka mwenye madoa

Wanaouliza swali hili Tanga ni wa aina mbili. Yupo aliyeona kwenye simu video ya mondo amejinyoosha juu ya sofa la tajiri wa Ghuba, miguu mirefu, masikio makubwa, madoa meusi juu ya manjano, naye akatamani wa kwake. Na yupo aliyeletewa boksi lenye kitoto kilichookotwa wakati wa kufyeka shamba upande wa Muheza, Pangani au Handeni. Kinalia, watoto wa nyumba wameshakipenda, na kila jirani ana ushauri wake.

Wanaolinganishwa hapa ni mondo, simbamangu, kimburu, chotara aitwaye Savannah, Bengal, na paka wetu wa pwani. Tusizungushe maneno: watatu wa mwanzo si wa kufugwa nyumbani, kwa sheria na kwa maumbile yao. Savannah inategemea ni wa kizazi cha ngapi. Pa kuchagua kwa kweli ni kati ya Bengal na paka wa pwani.

MONDO

Uzuri wake hauna ubishi. Dume ana kilo 9 hadi 18, jike 7 hadi 12 hivi, na kimo chake begani hufika sentimita 60. Husikia panya akipita chini ya nyasi asiyemwona, na huruka zaidi ya mita 2 kumdaka ndege. Makazi yake ni nyasi ndefu zilizo karibu na maji, ambako hula panya, ndege na vyura. Utafiti uliofanywa Kreta ya Ngorongoro ulionyesha kuwa mondo mmoja hutembea katika eneo la kama kilomita 10 za mraba. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 pale Mikanjuni ni mita 600 za mraba, kwa hiyo eneo la mondo mmoja lingemeza viwanja zaidi ya 16,000. Wewe utampa uani.

Kinachowashinda wafugaji mapema si kung'atwa. Ni mkojo. Mondo dume na jike wote huweka mipaka yao kwa kunyunyiza, na akiwa kwenye doria hufanya hivyo makumi ya mara kwa saa. Mkojo huingia kwenye godoro, kwenye plasta, kwenye sakafu ya sementi, na kwa unyevu wetu wa masika harufu haikauki. Kumhasi husaidia kwa baadhi yao tu. Tabia hii hushika kasi mnyama anapopevuka, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, na ndiyo maana video nyingi unazoziona ni za vitoto. Mondo kifungoni anaweza kufika miaka 20. Video ya mwaka wa nane hairushwi na mtu.

Banda lake ni kazi ya fundi wa kuchomelea, si ya mwenye banda la kuku. Wavu uwe wa nyaya za milimita 3 au zaidi, kuta zisipungue mita 2.5, na juu pote pafunikwe wavu, kwani ukuta usio na paa kwake ni ngazi. Chini weka msingi wa zege au uzike wavu sentimita 60. Mlango uwe wa chumba cha kati: unafunga wa nje kabla ya kufungua wa ndani, maana wengi hutoroka wakati wa kulishwa. Raskazone, Sahare na popote penye upepo wa bahari, wavu usiozamishwa kwenye zinki huanza kuoza kwenye maungio kabla ya mahali pengine popote, na tundu la kiganja kimoja linamtosha. Waya wa kuku atauchana.

Chakula chake ni kama kilo moja kwa siku ya mnyama mzima: nyama, mifupa, ngozi na viungo vya ndani. Kuku wa kisasa aliyechinjwa ana kilo 1.2 hadi 1.5, basi weka kuku watano kwa wiki, masika na kiangazi. Anayejaribu kubana matumizi kwa kumpa steki ya ng'ombe peke yake humvunja mifupa. Nyama tupu ina fosforasi mara 15 au zaidi ya kalsiamu, na mwili wa kitoto hufidia upungufu kwa kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Dalili ni kuchechemea, mgongo kupinda, kisha mguu unavunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti tu.

Tiba nayo ina shida yake. Hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoidhinishwa rasmi kwa mondo. Daktari hutumia ya paka wa kawaida iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa, kwa uamuzi wake. Kumpima joto tu kunaweza kuhitaji dawa ya usingizi, na wataalamu wetu wengi wa mifugo mkoani wamejikita kwenye ng'ombe wa maziwa. Kumng'oa kucha hakumfanyi salama: ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole, maumivu hubaki, na mnyama asiye na kucha hutegemea meno.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Kumiliki mnyamapori hai au sehemu yake bila kibali ni kosa la nyara za serikali, na kesi za namna hiyo huendeshwa kama uhujumu uchumi. Vibali vinavyosimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, vinahusu bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori zinazokaguliwa. Mondo wa sebuleni hana fungu humo. Anayefikiri atamlea kisha amuuze nje ya nchi naye akumbuke kuwa Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Na tusidhani ni Afrika pekee inayobana. Uingereza inadai leseni kwa wanyama wa hatari tangu sheria yake ya 1976. Falme za Kiarabu zilipiga marufuku watu binafsi kufuga wanyama wakali mwaka 2016. Marekani ilipitisha sheria Desemba 2022 kuhusu simba, chui, duma na wenzao wakubwa. Mondo hakutajwa humo, ndiyo maana picha zake bado zinatoka huko, jimbo moja likiruhusu na jingine likikataza.

SIMBAMANGU NA DUMA, KWA UFUPI

Simbamangu ni mzito wa mfupa kuliko mondo, kilo 8 hadi 19, na anaruka juu zaidi. Yote ya banda, chakula na sheria yaliyosemwa juu yanamhusu, ila huyu akikasirika huja mbele badala ya kurudi nyuma. Duma hatuna haja ya kumlinganisha. Yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na vitoto vinavyovushwa kwa magendo kutoka Pembe ya Afrika kwenda Ghuba hufa wengi njiani.

KIMBURU, ANAYEDANGANYA MACHO

Huyu ndiye anayeingia majumbani bila mtu kutambua, kwa sababu anafanana na paka. Si ajabu: paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamaa yake, paka-pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu, na kaburi moja la Cyprus lenye mtu na paka pamoja lina umri wa miaka 9,500 hivi. Mtazame mgongo wa sikio: kimburu ana wekundu kama wa kutu. Miguu ya mbele ni mirefu kiasi kwamba akikaa kitako mwili wake husimama wima kuliko wa paka wa kawaida. Mkia ni mwembamba, wenye pete nyeusi na ncha nyeusi.

Kitoto chake hutulia kwa wiki kadhaa, halafu hofu inazidi kadiri anavyokua. Hujificha mchana kutwa, huuma anaposhikwa, na akipata upenyo haonekani tena. Kwa sheria ni mnyamapori kama mondo. Tena kinachomtishia zaidi kama spishi ni kuzaa na paka wetu. Aliye na shamba Muheza au Pangani na paka wake hajahasiwa anachangia hilo kila mwaka bila kujua.

Kanu, fungo na ngawa nao huletwa kama "paka wa madoa". Hao si paka, na pia si wa kufuga. Tuwaache hapo.

SAVANNAH: HESABU YA VIZAZI

Savannah ni chotara wa mondo na paka wa nyumbani. Wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1986, mama akiwa paka wa Siam. Wauzaji huandika F1, F2 na kuendelea: F1 baba yake ni mondo, F2 babu yake ni mondo, F3 babu wa mzazi. Kwa hesabu ya karatasi damu ya mondo ni nusu, robo, kisha moja ya nane, lakini mnyama mwenyewe hafuati karatasi. Wawili wa tumbo moja wanaweza kuachana sana kwa tabia.

F1 na F2 ni karibu mondo: mkojo wa kuweka mipaka, kuruka juu ya kabati, kushikamana na mtu mmoja na kuwaogopa wageni. Nyumba ya Ngamiani yenye wapangaji sita na uani wa pamoja haimfai. Kumzalisha F1 nako kuna gharama mnyama anayoilipa. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65, ya mondo ni zaidi ya 70, hivyo vitoto huzaliwa kabla ya kukomaa na wengine hufa. Madume ya vizazi vinne vya kwanza kwa kawaida ni tasa, kwa hiyo anayekuahidi dume la F2 la "kuzalisha" ama hajui ama anakuuzia maneno.

Jambo la karatasi ambalo wauzaji wa mitandaoni hawalitaji: CITES huwahesabu chotara wenye mnyamapori aliyeorodheshwa ndani ya vizazi vinne vya karibuni kama mnyamapori mwenyewe. Mondo yuko Kiambatisho cha Pili. Basi F1 hadi F4 huvushwa mpaka kwa vibali vya CITES, juu ya kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha chanjo. Australia ilikwenda mbali zaidi ikawakataa Savannah wa vizazi vyote mwaka 2008, kwa kuwahofia ndege na wanyama wake wadogo. F5 ni paka wa nyumbani mwenye miguu mirefu. Ukimpata mwenye nyaraka safi, msome pamoja na Bengal hapa chini.

BENGAL AU PAKA WA PWANI

Bengal ametokana na paka-chui wa Asia, mnyama mdogo wa msituni, aliyechanganywa na paka wa nyumbani. Anayeuzwa kihalali leo yuko vizazi vingi mbali na pori. Kilo 4 hadi 7, madoa yenye umbo la ua la waridi, manyoya yanayong'aa juani. Paka wa pwani ana kilo 2.5 hadi 4.5, mwembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi yasiyomchosha kwa joto. Wengi hawajui kwamba paka wa aina hii wametoka pwani yetu wakafika kwenye maonyesho ya Ulaya: Sokoke, mwenye mawimbi ya kahawia kama gome la mti, anatoka kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kati ya Kilifi na Malindi, na FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafuga paka, lilimtambua mwaka 1993. Tanga nao wapo wenye michirizi na mawimbi ya namna hiyo, bure, kwenye mialo ya samaki na nyuma ya masoko. Ukitaka sura ya porini, anza kutafuta huko.

Kwa nguvu, hawalingani. Bengal asiyechezeshwa angalau mara mbili kwa siku, dakika 15 kila mara, hujitafutia kazi: atafungua kabati, atachezea bomba, ataita usiku kucha. Anataka rafu ukutani kwa kimo cha mita 1.5 hadi 1.8, mbili au tatu zinazofuatana. Paka wa pwani naye ni mchangamfu lakini hujipangia siku yake.

Kwa majirani, Bengal ni mgogoro. Mwenye njiwa au vifaranga uani hatamvumilia, na paka wa bei kubwa anayezurura barabara za Ngamiani huibwa. Lazima akae ndani. Nondo za madirisha yetu zina nafasi anayopita bila shida, na wavu wa mbu atauchana kwa siku moja. Funga wavu wa chuma wa matundu ya milimita 25 kwa upande wa ndani, kwenye fremu ya mbao unayoweza kuiondoa ili kusafisha. Paka wa pwani naye ni bora akae ndani usiku, ila ukimfungia au kumwachia mchana ni hiari yako na majirani zako.

Kwa afya, Bengal ana magonjwa ya kurithi yanayojulikana: kuharibika kwa retina ambako humpofusha taratibu, upungufu wa kimeng'enya kiitwacho pairuveti kinasi unaomletea upungufu wa damu, na unene wa misuli ya moyo. Mawili ya kwanza yana vipimo vya vinasaba. Muuzaji asiye na karatasi za wazazi wote wawili, mwache na paka wake. Paka wa pwani amechujwa na maisha, hasara yake ni minyoo, viroboto na mafua ya paka aliyoyapata mtaani.

Maoni yetu: kwa nyumba ya watoto na wageni, paka wa pwani, tena wawili wa tumbo moja wakipatikana. Bengal ni wa mtu anayeshinda nyumbani, mwenye nyumba yake peke yake, na aliye tayari kusafiri hadi Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tatizo likizidi uwezo wa hapa.

KULISHA, KWA YEYOTE UTAKAYEMCHAGUA

Paka wa kilo 4 anahitaji gramu 150 hadi 200 za nyama au samaki kwa siku, mara mbili. Ugali wenye mchuzi wa dagaa ni desturi yetu, na paka huishi nao kwa sababu anamalizia kwa panya. Wa kufungiwa ndani hana panya wa kumalizia, kwa hiyo dagaa ndio wawe chakula na ugali uwe kidogo sana au usiwepo.

Dagaa wakavu waloweke, mwaga maji ya kwanza yenye chumvi na mchanga, kisha wachemshe wazima, maana mifupa yao ndiyo kalsiamu. Firigisi na moyo wa kuku ni vizuri. Moyo una taurini, ambayo paka akiikosa moyo wake hulegea na macho hufifia. Maini yasizidi gramu 30, mara mbili kwa wiki, kwani vitamini A ikirundikana hugandisha mifupa ya shingo. Ukitumia nyama isiyo na mfupa, saga maganda ya mayai yaliyokaushwa na uweke gramu 5 hadi 6, kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila kilo.

Kosa la pwani ni samaki wa mafuta kila siku. Nyama nyekundu ya jodari na vibua, ikiwa chakula pekee, humaliza vitamini E mwilini, na mafuta chini ya ngozi huvimba na kugeuka manjano. Paka hukataa kuguswa mgongoni, hupata homa, huacha kula. Mpe mara mbili kwa wiki, basi. Samaki mbichi wa kila siku huleta shida nyingine: baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka huanza kuinamisha kichwa kifuani, kuyumba, kisha degedege. Kuchemsha kunaua kimeng'enya hicho. Maziwa ya ng'ombe, ambayo mkoa wetu umejaaliwa, huharisha paka wengi wakubwa.

CHANJO, KUHASI NA SUMU ZA KABATINI

Chanjo ya mafua na homa kali ya utumbo ya paka hutolewa wiki ya 8, ya 12 na ya 16. Kichaa cha mbwa wiki ya 12, kisha mwaka unaofuata. Mhasi akiwa na miezi 5 hadi 6. Paka huingia joto kufuatana na urefu wa mchana, na Tanga mchana haubadiliki sana, kwa hiyo jike huku anaweza kubeba mimba mwezi wowote. Ukichelewa utakuwa na paka saba kabla ya mwaka kuisha.

Panadol kipande kimoja kinaua paka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, na ile ya matone ya mbwa yenye permethrini, zinaua pia, kwa kutetemeka na degedege. Nyumba zinazofuga ng'ombe zimuweke paka mbali mpaka mifugo ikauke. Mchanga wa choo usafishwe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Mama mjamzito aiachie kazi hiyo mtu mwingine.

KAMA BOKSI LIMESHAFIKA

Kitoto cha mondo au kimburu kilichokutwa peke yake mara nyingi hakijatelekezwa. Mama huwinda na kuwaacha kwenye nyasi, na huwahamisha mmoja mmoja akishtuka. Kama kimeokotwa leo na mahali panajulikana, wahi ofisi ya wanyamapori ya halmashauri au TAWA, na kama ni karibu na Saadani, askari wa hifadhi. Wao ndio wenye uamuzi wa kukirudisha mahali pale pale jioni au kukichukua. Wakati unasubiri, kiweke kwenye boksi lenye matundu, giza na kitambaa, mbali na mbwa na watoto. Usikipe maziwa ya ng'ombe. Kama kina baridi, kipashe joto kwanza kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo, kwani kitoto kilichopoa hakisagi chakula.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa na pepopunda. Meno ya paka ni membamba na hupeleka bakteria ndani kabisa, hivyo hata tundu dogo lisilotoa damu nyingi lionwe na daktari. Mkono ukivimba ndani ya saa 24, ni dawa ya hospitali, si ya dukani. Andika mahali kitoto kilipopatikana, saa, na nani wote waliokishika. Afisa atauliza hayo kwanza.